Kikombe cha Thelathini na Moja

Siku ya kwanza kazini, Selpher Navalayo alijaribu kuhesabu watoto, na nusura apigwe.

Ilikuwa Februari mwaka wa 1964, bendera mpya ikiwa na miezi miwili tu juu ya mlingoti. Shirika moja la hisani kutoka ng'ambo lilikuwa limefungua kituo cha maziwa karibu na soko la Shinyalu: paa la mabati, nguzo nne, jiko la mawe na sufuria kubwa ya kukorogea maziwa ya unga. Ofisi ya shirika mjini Kakamega ilitaka jambo moja kutoka kwa Navalayo. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aandike ni watoto wangapi wamekunywa. Alipewa kitabu kipya na penseli mbili. Elimu yake ilikuwa ya darasa la sita, aliyoipata kwa wamisheni, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wanaume wengi waliokuwa wakiitwa makarani.

Akasimama mbele ya akina mama, akanyoosha kidole. "Mmoja, wawili, watatu..."

Alipofika wa saba, mwanamke mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya rinda lake.

"Wewe! Unahesabu watoto wa watu kama kuku wa soko?"

"Ni ofisi inataka, mama."

"Ofisi ikahesabu wa kwao!"

Wakaondoka kundi zima, na maziwa yakabaki yakipoa kwenye sufuria. Navalayo hakuwa na wa kumlaumu. Alizaliwa kijiji hicho hicho, akaolewa mbali, akarudi kwa kaka yake baada ya kufiwa na mume. Alijua vizuri kwamba kwao mtoto hahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi, unajibu kwamba wapo, Mungu amesaidia. Anayewataja kwa namba anawaonyesha kwa kitu kinachotafuta wa kuchukua. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu idadi ya aliowazaa. Lakini karatasi ilikuwa imeuliza, na mbele ya karatasi alisahau kwao.

Siku mbili baadaye alikuja na dawa. Kila mtoto atapewa kikombe chake cha bati, na chini ya kikombe itapakwa namba kwa rangi nyekundu. Yeye atahesabu vikombe.

"Hivyo sawa," yule mwanamke wa kwanza akasema. "Kikombe hesabu hata mara mia. Hakina roho."

Vikombe vilikuwa mia moja na kumi na nane. Kitabu kikachorwa upya: safu ya kwanza namba ya kikombe, safu ya pili mstari mmoja kwa kila siku kilipojazwa. Kulikuwa na safu ya tatu pia, nyembamba, ya kuandika kikombe kilichopotea, maana vikombe vilikuwa mali ya shirika. Hakuna mtu aliyeona kwamba kuna kitu kingine kilichohitaji safu.

Ofisa aliyesimamia vituo vyote aliitwa Bwana Kimutai. Alikuwa Mnandi wa miaka thelathini hivi, mwenye tai iliyonyooka na viatu vilivyojaa tope, kwa sababu alikuwa akishuka garini na kutembea mahali gari lisipofika. Hakuwa mwizi. Hili lisemwe mapema, kwa kuwa msomaji atamtafuta mwizi katika kisa hiki, na hatampata. Hakuna gunia lililouzwa wala kijiko kilichofichwa. Kimutai alipoona vile vikombe alicheka kwa furaha, akampa Navalayo mkono.

"Mama Navalayo, wewe umetatua jambo lililotushinda tangu Butere hadi Lugari."

Mwisho wa mwaka vituo vyote vikawa vinahesabu vikombe. Navalayo akapewa cheti chenye jina lake kwa wino mweusi, na nakala ya pili ikatundikwa ukutani ofisini. Cha kwake alikiweka kwenye fremu. Mwanamke aliyekuwa amerudi kwao bila mume, bila ng'ombe, akikaa katika nyumba ya kuazimwa nyuma ya boma la kaka yake, sasa alikuwa na jina. Watu walimwita Mama Karani. Jambo hilo lilimpendeza, na lilimpendeza kupita kiasi.

Kosa liliingia Machi mwaka uliofuata, msimu wa kupanda. Mvua ilikuwa imechelewa, na iliponyesha kila mtu alikimbilia shamba. Wanawake wakamtuma Jescah azungumze na Navalayo, kwa kuwa Jescah alikuwa wifi yake, mjane wa yule kaka, ambaye naye sasa alikuwa amefariki.

"Wifi, tutapanda saa ngapi kama kila siku ya maziwa tunashinda hapa tukingoja watoto wanywe?"

"Mnataka nifanye nini?"

"Tupe tubebe. Mmoja anakuja na vikombe vitano, anafunika na jani la ndizi, watoto wananywa nyumbani. Kikombe si kitakuwa kimejaa? Wewe si unahesabunga kikombe?"

Navalayo alifikiri, akaona ni kweli. Alikuwa akihesabu kikombe. Akakubali, na hakuna mstari hata mmoja uliopungua. Kwa kweli iliongezeka, maana zamani mtoto akiwa na homa kikombe chake hakikuja, na sasa vilikuja vyote, mvua au jua. Bwana Kimutai alifunua kitabu mwezi wa Aprili, akaona kurasa zimejaa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, akapiga ulimi kwa kuridhika.

Mwezi wa Mei alikuja Zeituni.

Zeituni alikuwa muuguzi kutoka Mumias, mwanamke mrefu mwenye mtandio, aliyekuwa akizunguka zahanati ndogo ndogo mara moja kwa mwezi. Siku hiyo alipitia kituoni kuomba maji ya kunywa. Akamwona Sellah, mke wa mwana wa Jescah, akiwa amembeba mgongoni binti yake Mideva, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Mume wa Sellah alikuwa akichuma chai Kericho. Sellah alikaa chini ya mama mkwe, akipika katika jiko la mama mkwe, kwa sufuria ya mama mkwe.

"Salaam aleikum, mama. Hebu nimshike mkono huyu mrembo."

Akauzungushia mkono wa mtoto vidole vyake viwili, juu ya kiwiko. Vidole vikakutana na kupitana. Alichana kamba nyembamba kutoka kwenye mgomba kando ya jiko, akaizungusha pale pale kwenye mkono, akaweka fundo mahali ilipokutana, akaivua na kumpa Sellah.

"Weka hii wewe mwenyewe. Mwezi ujao nitaizungusha tena. Fundo lisipofika, mtoto ananenepa, tutafunga jingine mbele yake. Likipitiliza, amekonda. Ukiona hivyo usiningoje. Nitafute."

Navalayo alikuwa akisikiliza. "Muuguzi, hapa watoto hawahesabiwi."

"Kwani nimehesabu mtu? Nimeuliza mkono tu. Na jibu amekaa nalo mamake."

Wanawake waliokuwapo walicheka, na watano wengine wakatoa mikono ya watoto wao.

Juni ilipofika, Zeituni alirudi. Kamba ya Mideva ilizunguka mkono na fundo likapitiliza kwa upana wa ukucha. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba kidogo, mashavu yamejaa, nywele zimepata rangi ya kutu. Mtu asiyejua angesema amenona, na kijijini walikuwa wakisema hivyo.

"Huyu anakunywa maziwa ya hapa?" Zeituni akauliza.

Navalayo akafungua kitabu, akaonyesha namba thelathini na moja. Mistari ilikuwa imejipanga tangu Machi bila pengo. "Kitabu kinasema anakunywa. Kila siku."

"Mkono unasema hanywi. Mmoja wao anadanganya, na mkono hauna penseli."

Neno hilo lilimkaa Navalayo kooni mpaka Jumapili. Baada ya kanisa alienda kwa Jescah, kama alivyofanya kila Jumapili, akakaribishwa kwenye kiti kile kile, akamiminiwa chai kwenye kikombe chenye maua. Chai ya Jescah ilisifiwa kote. Navalayo aliinua kikombe, na juu ya chai akaona madonge madogo meupe yakielea. Aliyatambua. Alikuwa akiyapondaponda mwenyewe kwa mwiko, siku tatu kila wiki, kwenye sufuria ya kituo. Alikuwa ameyaona kwenye kikombe hiki tangu msimu wa kupanda, na hakuyauliza.

"Wifi," akasema polepole, "maziwa ya Mideva yako wapi?"

Jescah akacheka, akidhani ni mzaha. "Si hayo unakunywa?"

"Jescah."

"Nini sasa? Ulitaka nikupe strungi, chai bila maziwa, dada ya mume wangu? Umewahi kunywa strungi kwangu? Ng'ombe amekauka tangu Januari. Mchungaji anakuja, wewe unakuja, wazee wa ukoo wanakuja. Mtoto anapewanga yake, na obusuma anakula vizuri, ugali wa kushiba. Huoni alivyonona?"

"Anapewa ya nini?"

"Ya chai! Kama watu wote."

Mlangoni Sellah alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, akitazama chini. Mideva alikuwa ameegemeza shavu lake kwenye bega la mamake, macho wazi, asitazame kitu. Navalayo aliweka kikombe chini. Alikuwa ameshakunywa nusu.

Wiki hiyo alipita katika nyumba kumi na moja, kwa visingizio mbalimbali, na katika nane alikaribishwa chai nzito. Hakuna aliyeficha kitu. Mgeni ni mgeni, na mtoto mchanga hana heshima ya kuvunjiwa. Katika nyumba mbili mtoto mwenye kikombe alikuwa ameshakufa, mmoja kwa surua mwezi wa Aprili, mwingine hakujulikana kwa nini. Vikombe vyao viliendelea kuja. Alikuwa amesikia juu ya vifo hivyo wakati ule, akasikitika, na kesho yake akachora mstari, kwa sababu kikombe kilikuja na kitabu hakikuwa na mahali pa kuandika kingine.

Alhamisi alitembea hadi Kakamega. Bwana Kimutai alimpa kiti, akasoma barua yake ya ukurasa mmoja, akaisoma tena. Barua iliomba mambo matatu: watoto wanywe mbele ya macho kituoni, kamba za Zeituni zitumike kila mwezi, na kitabu kipate safu ya kuandika mtoto aliyekonda na aliyekufa.

Kimutai aliegemea nyuma, akafunika uso kwa mikono.

"Mama Navalayo. Wageni wa shirika wanafika tarehe tisa Julai. Wanakuja kwako. Sio kwingine, kwako. Wakiridhika, watafungua vituo kumi na viwili vipya. Unajua njaa ilivyo mwaka huu. Vituo kumi na viwili!"

"Hivyo vipya vitahesabu nini?"

"Usinifanyie hivyo. Ngoja wiki tatu. Wageni wakipanda ndege tu, badilisha unachotaka. Nitakuletea safu hata ishirini."

"Na watoto, bwana?"

"Mmekaa hivi tangu Machi. Wiki tatu ni nini?"

Akayasema hayo kwa huzuni, kama mtu anayeamini. Navalayo aliinua macho, akaona nakala ya cheti chake ukutani, jina lake kwa wino mweusi. Aliwaza juu ya vituo kumi na viwili. Aliwaza pia juu ya siku ya wageni, na yeye amesimama mbele yao na kitabu chake kisicho na pengo. Mawazo hayo mawili yalikuja yameshikana mikono, na hakujisumbua kuyatenganisha.

"Wiki tatu," akasema.

Mtu akikubali kungoja kwa jambo la namna hii, hutafuta kitu kidogo cha kufanya ili alale. Navalayo alimvuta Sellah kando Ijumaa.

"Mlete Mideva anywe hapa hapa. Nitamshikia mwenyewe."

"Na kikombe kirudi kitupu? Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie mimi nimesema."

Sellah alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa kawaida hakuinua sauti.

"Si umwambie wewe, senje," akasema, akimwita shangazi kama ilivyompasa mke wa mwana wa kaka yake. "Wewe ndiye unakunywanga chai na yeye."

Navalayo hakwenda kumwambia. Alijua Jescah angepiga kelele, kelele zingefika sokoni, na kabla ya wiki kwisha wanawake wote wangekuwa wamegombana na kituo. Angefanya hivyo tarehe kumi. Alijiahidi tarehe kumi.

Mideva alikufa Jumanne, tarehe sita.

Hakulia wala kuhangaika. Sellah aliamka kwenda kuchota maji akamwacha amelala, akarudi akamkuta hivyo hivyo. Jumatano asubuhi jirani alileta vikombe vitano kituoni, na cha tatu kilikuwa na namba thelathini na moja. Navalayo alikijaza. Mkono wake ukachora mstari. Mchana akaenda kuzika, kwenye migomba nyuma ya nyumba, shimo fupi lililochimbwa na watu wawili kwa muda mfupi sana. Jescah alilia mpaka akashikwa asianguke, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Mama mmoja akasema, "Na alikuwa amenona hivyo." Kamba ya mgomba ilikuwa mkononi mwa Sellah, imekauka, fundo moja tu.

Ijumaa magari mawili yalipanda kutoka mjini. Wageni walikuwa wanne, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele za mvi na daftari dogo. Kituo kilikuwa kimefagiliwa. Kimutai alieleza kwa Kiingereza habari ya vikombe, jinsi mila ilivyoheshimiwa na hesabu ikapatikana, na wageni wakaitikia kwa vichwa. Kisha wakaombwa kutazama kazi ikiendelea. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao. Wachache walikuwa na watoto.

Navalayo alikaa mezani, kitabu wazi. Alichora ishirini na tisa. Alichora thelathini. Kisha mkono wenye kikombe ukaingia mbele yake, na hakuhitaji kusoma namba.

"Nani amekutuma leo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama," Sellah akajibu. "Amesema wageni wakiona pengo watatukata sote."

Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye pindo la rinda. Nyuma yake foleni ilisukumana kidogo, ikasimama.

Navalayo alishika penseli. Mstari mmoja ungetosha. Ulikuwa mfupi kuliko ukucha, na nyuma yake kulikuwa na vituo kumi na viwili. Kimutai alikuwa akimtazama kutoka upande wa wageni, na macho yake yalikuwa yakimwomba.

Akaweka penseli chini.

"Mtoto wa kikombe hiki yuko wapi?"

"Senje, unajua alipo."

"Najua. Nataka na kitabu kijue."

Sellah hakulia. Alikipindua kikombe, akakiweka juu ya meza kinywa chini, namba nyekundu ikitazama paa. Akatoka kwenye foleni.

Mwanamke aliyemfuata alikuwa na vikombe vinne. Alivitazama, akatoa kimoja, akakipindua kando ya cha Sellah. Wa nyuma yake akafanya hivyo. Mwingine akatoka mwisho kabisa wa foleni, akaja mbele, akapindua chake, akarudi. Meza ikajaa, wakaanza kuviweka kwenye nyasi. Hakuna aliyehesabu, lakini kila mtu aliona.

"Wanafanya nini?" yule mama wa mvi akauliza kwa Kiingereza.

Kimutai alikohoa. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Wanawaonyesha," akasema, "jinsi wanavyoosha vikombe vyao."

Wageni wakapiga makofi.

Makofi hayo Navalayo aliyasikia maisha yake yote. Aliinuka. Kiingereza chake kilikuwa kile cha darasa la sita, cha kusoma Biblia na kuomba ruhusa, naye hakuwahi kukisema mbele ya Mzungu tangu aache shule. Akasema kwamba si kuosha. Akasema kwamba watoto wa vikombe vile wamekufa, na kwamba yeye amekuwa akiandika wamekunywa. Kisha akachukua kitabu, akafungua ukurasa wa Jumatano, akaweka kidole kwenye mstari wa thelathini na moja.

"Siku hii," akasema, "nilikuwa nazika."

Yule mama alikuwa ameacha kupiga makofi wa mwisho kati ya wenzake, kwa kuwa alikuwa akijaribu kuelewa. Alipoelewa alifunga daftari lake, bila kuandika.

Kituo kilifungwa Septemba. Barua ilisema hakikufikia lengo. Hakuna aliyekuja kuuliza lingefikiwaje, wala kusoma ile barua ya ukurasa mmoja iliyobaki kwenye droo ya Kimutai, ambamo jibu lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Shirika liliogopa aibu likakimbia, kama watu wengi wafanyavyo wakionyeshwa ukweli na mtu mdogo. Vituo kumi na viwili havikufunguliwa mwaka ule. Vile vingine, kuanzia Butere, viliendelea kuhesabu vikombe.

Kimutai mwenyewe alikuja kuvichukua. Alivipanga garini, akijaza karatasi ya makabidhiano juu ya goti.

"Ungengoja saa mbili tu," akasema, bila kumtazama. "Saa mbili, wangekuwa wameondoka."

"Nilingoja wiki tatu," Navalayo akajibu.

Kimutai aliinamisha kichwa, akahesabu tena. Vilikuwa mia moja na kumi na saba. Thelathini na moja hakikuwapo, na Navalayo alijua ni nani aliyerudi kukichukua mezani na kilikuwa katika nyumba gani, akanyamaza. Kimutai akatafuta ile safu ya tatu, nyembamba, akaandika: *kimepotea*. Kwa hicho kulikuwa na mahali.

Kijiji hakikumshukuru Navalayo. Jescah aliacha kumwalika. "Umetunyima watoto, umetunyima na chai," alimwambia njiani mbele ya watu, na hakukuwa na wa kumjibu, kwa sababu njaa ya mwaka huo ilikuwa haijaisha na maziwa yalikuwa yameondoka pamoja na magunia, hata kwa wale waliokuwa wakiyanywa. Cheti alikitoa kwenye fremu. Kioo cha fremu alikitumia kuziba dirisha.

Zeituni alipopita Oktoba alimkuta akipalilia maharage. Hakumpa pole nyingi. Alimwuliza tu kama bado anajua kufunga fundo.

Tangu hapo, mwezi baada ya mwezi, Navalayo alizunguka vijijini na kamba za mgomba begani, bila ofisi na bila mshahara. Milango mingine ilifungwa akifika. Mingine ilifunguliwa. Alikuwa akimzungushia mtoto kamba, akafunga fundo mbele ya mamake, akamwachia mamake kamba. Hakubeba kitabu. Fundo likipitiliza hakungoja tarehe yoyote, aliketi pale pale jikoni, akaangalia mtoto anakula nini, na akikaribishwa chai alisema, "Hapana, nipe maji." Watu walimcheka kwa hilo, Mama Karani anayekataa chai. Baadhi ya watoto walipona. Wengine walikufa, na alikwenda kuwazika wote, akisimama mwisho.

Sellah alipata mtoto mwingine mwaka wa 1968, msichana tena. Wakati huo alikuwa amejengewa nyumba yake na jiko lake. Navalayo alipita pale kwa mara ya kwanza mtoto akiwa na miezi sita, akasimama nje ya ua, kamba zikiwa begani, hakuthubutu kubisha.

Sellah alitoka. Hakumsalimu. Hakumwita senje. Aliingia ndani akarudi na kamba yake mwenyewe, akainyoosha kwa mikono miwili juu ya ua wa michongoma ili Navalayo aione. Ilikuwa na mafundo manne, kila moja limepita la nyuma yake, na mengine mawili ya mwisho yalikuwa mahali pale pale pa la nne.

"Miezi hii miwili hajaongeza," Navalayo akasema.

"Nimeona. Nimeshaenda kwa Zeituni."

Akaikunja kamba, akaingia ndani, akafunga mlango.

Navalayo alipita hapo kila mwezi mpaka mtoto alipoanza kukimbia. Kila mara Sellah alitoka, akanyoosha kamba juu ya ua, akarudi ndani. Hakuwahi kumkaribisha, wala Navalayo hakuwahi kuomba kumshika mtoto.